Pishi hupimwa mbele ya mchumaji: jibu kwa mama wa Wete anayetaka udiwani

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Wete, nauza nguo sokoni, na huu ni mwaka wa sita nikiwa mshika fedha wa kikundi chetu cha hisa. Nataka kugombea udiwani uchaguzi ujao. Yangu ni mawili tu: pesa za baraza zitumike kwa uangalifu, na mahitaji ya watu wa mitaani yatangulie. Kila ninayemwambia ananivunja moyo. Wanasema habari za bajeti hazimshughulishi mtu, mpiga kura anataka kanga na mchele. Wengine wanasema nianze na usheha kwanza. Mume wangu yuko pamoja nami, ila ananiuliza: "Utawaambia nini watu wakuelewe?" Nimekosa jibu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya uhasibu katika serikali za mitaa hapa Pemba kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekaa na wagombea wa vyama mbalimbali, walioshinda na walioshindwa, nikiwaonesha jinsi ya kusoma bajeti. Nakujibu kwa niliyoyaona, na nitaanza na swali la mume wako kwa sababu ndilo zito kuliko yote uliyoniandikia.

Waambie watu habari ya pishi, kile kipimo cha karafuu. Kila mtu hapa kisiwani, hata asiye na mkarafuu hata mmoja, anajua inavyokuwa msimu ukiingia. Mchumaji anashuka mtini, anachambua karafuu zake, anatoa makonyo, yaani vijiti vyake, kisha zinapimwa kwa pishi naye analipwa kwa pishi. Zinapimwa mbele yake. Hujapata kusikia mchumaji aliyekubali karafuu zake zichukuliwe ndani, mlango ufungwe, kisha atoke mtu amwambie "zimekuwa sita." Angelipiga kelele mpaka mtaa wa pili usikie. Lakini mchumaji huyohuyo, na mkewe anayeuza mchicha, na mwanawe mwenye kibanda cha simu, wanalipa ushuru na leseni mwaka mzima, na hawajaona hata siku moja pesa hizo zikipimwa. Wao ndio waliochuma. Hiyo ndiyo habari yako, na hakuna mtu Wete asiyeielewa.

Angalia neno moja usilitumie: kubana matumizi. Wewe na mimi tukilisikia tunafikiria uangalifu. Mama aliyekaa mkekani kwenye mkutano wako anasikia "hamtapata." Amekwisha kubanwa nyumbani kwake, hataki kubanwa tena na serikali. Mwambie kwamba pesa iliyokusudiwa mtaro wake ifike kwenye mtaro wake, na kama haikufika ajue ilikokwenda. Unasema jambo lilelile, lakini sasa yeye yumo ndani yake.

La usheha nilimalize haraka. Usheha haugombewi. Sheha, kiongozi wa shehia, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, na kazi yake ni ya utawala. Diwani huchaguliwa na watu wa wadi, katika uchaguzi unaoendeshwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, pamoja na ule wa Rais wa Zanzibar na Wawakilishi, kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa Oktoba 2025, kwa hiyo unao muda mpaka 2030. Muda huo ni mtaji. Wengi huanza miezi mitatu kabla ya kura na hawana cha kuonesha ila picha yao.

Sasa tuje kwenye kosa ninaloliona kila uchaguzi, na naomba ulisome mara mbili. Mgombea udiwani anasimama anaahidi maji. Anaahidi umeme, anaahidi barabara kubwa ya lami. Watu wanapiga makofi, anashinda, na baada ya mwaka anaitwa mwongo. Pengine hakuwa mwongo, hakujua tu mkono wa diwani unafika wapi. Maji ni ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Umeme ni wa shirika la umeme, ZECO. Barabara kuu zina wizara yake. Mfuko wa maendeleo ya jimbo ni habari ya Mbunge na Mwakilishi. Diwani anaweza kuandika, kufuatilia, kupiga mlango wa ofisi hizo mpaka wamchoke, na afanye hivyo. Lakini kufuatilia si kuahidi.

Mkono wako utafika kwenye yale yaliyo ya Baraza la Mji: taka na majaa, masoko na vyoo vyake, mitaro, usafi, leseni za biashara, ushuru na ada, vibanda, mnada wa samaki, sheria ndogo za baraza, na juu ya yote kura yako siku bajeti inapopitishwa. Sheria ya Serikali za Mitaa namba 7 ya mwaka 2014 ndiyo inayoweka mipaka hiyo. Itafute, isome kwa utulivu, mtu wa sheria akusaidie pale lugha inapokuwa nzito. Kumbuka pia kwamba diwani hashiki pesa. Mwenye dhamana ya malipo ni mkurugenzi. Kazi yako ni kuamua pamoja na wenzako pesa ziende wapi, kisha kuuliza kama zimekwenda. Mgombea anayesema "nitawajengea" anazungumza kama kwamba fungu liko mfukoni mwake. Sema "nitalisimamia", na ueleze utalisimamia vipi.

Kwenye pesa nitakaa kidogo, maana ndipo maisha yangu yalipopita.

Mwaka wa fedha wetu unaanza Julai mosi na kumalizika Juni 30. Mapato ya baraza yana milango miwili. Mmoja ni ruzuku kutoka serikali kuu, na sehemu kubwa ya hiyo inakwenda kwenye mishahara, haiguswi. Wa pili ni makusanyo ya ndani: leseni, ushuru wa soko, ada za kila namna. Mlango huu wa pili ndio unaobakisha pesa ya kufanyia kitu mtaani, na kwa mabaraza yetu ya Pemba ni mwembamba. Usimfiche mpiga kura. Mtu akikueleza kwamba ukiziba wizi baraza litakuwa na mamilioni ya kumwaga kila shehia, usimfuate. Pesa ni chache, na kwa kuwa ni chache ndiyo maana kosa moja linaumiza wadi nzima.

Ukiipata taarifa ya bajeti, usiogope wingi wa kurasa. Tafuta safu tatu: kilichokadiriwa, kilichopatikana, kilichotumika. Wasiozoea hutazama ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo yenye namba kubwa na ndiyo inayosomwa kwenye hotuba. Ukweli uko kwenye tofauti baina ya safu hizo. Kama soko lilikadiriwa kuleta kiasi fulani na likaleta nusu, uliza. Pengine makadirio yalikuwa ya ndoto. Pengine wafanyabiashara walilipa bila kupewa risiti, na hilo wewe muuza nguo unalijua kuliko mkaguzi yeyote. Risiti ndiyo pishi ya sokoni. Pesa inayotoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwa mtu bila karatasi haikuingia katika safu yoyote.

Kwenye matumizi, yako mambo mawili ya kutazama kabla ya mengine. La kwanza ni kazi moja kukatwa vipande. Mtaro mmoja unageuzwa kazi nne ndogo ili kila moja iwe chini ya kiwango kinacholazimisha zabuni, na zote nne zinakwenda kwa mtu mmoja. Karatasi zote zitakuwa safi. Ni lazima uzitandaze mezani kwa pamoja ndipo utaona.

La pili halina hata harufu ya wizi, na kwa maoni yangu ndilo linalotugharimu zaidi: kununua au kujenga kitu bila kutenga pesa ya kukiendesha. Chukua gari la taka. Tuseme, kwa mfano tu, limenunuliwa kwa shilingi milioni 120, na mafuta, dereva na wapakiaji vinakula shilingi 150,000 kwa siku. Likifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni shilingi 3,900,000. Kwa mwaka ni 46,800,000. Kwa miaka mitatu ni 140,400,000, yaani limekwisha kula zaidi ya bei yake, na sijataja tairi. Baraza lililopiga hesabu ya bei peke yake litafurahi siku ya kupokea funguo, na mwaka wa pili gari litakuwa limesimama chini ya mwembe, kuku wanataga ndani.

Nami nimo katika kosa hili. Baraza moja nililofanyia kazi lilijenga choo cha soko. Kilikuwa kizuri, vigae mpaka dirishani, na nilikuwa kwenye meza iliyopitisha malipo ya mwisho. Hakuna aliyeuliza nani atalipia maji, nani atasafisha, na mimi sikuuliza. Siku ya kukizindua tulipiga picha. Haukwisha mwaka kikatiwa kufuli. Wale kina mama wauza samaki, wanaofika alfajiri na kuondoka mchana, wakarudi kwenda kuomba choo katika nyumba za jirani kama walivyokuwa wakifanya kabla hatujatumia shilingi hata moja. Mama mmoja alinikuta njiani akaniambia, "Mlitujengea nyumba ya kufuli." Kila nikikutana na kijana anayetaka udiwani namsimulia choo hiki. Fungu la mwaka la msafishaji na maji lingekuwa dogo mno, lingeingia katika bajeti bila mtu kuliona.

Kwa hiyo kila mtu akikuletea haja, wewe uliza swali moja la ziada: na mwaka wa pili nani atalipia? Ukilizoea swali hilo hadharani, watu watakujua kwalo.

Mahitaji yenyewe utayapata wapi? Si kwenye mkutano wa hadhara. Ukisimama mbele ya watu mia ukauliza "mnataka nini?", watajibu wanaume watano wenye sauti, na watataja maji, umeme na lami. Nenda uone. Kaa sokoni kwako na daftari, hilo una nafasi nalo. Nenda dikoni samaki wanaposhushwa. Nenda jaani asubuhi uone nani anatupa, kwa mkokoteni au kwa mtoto aliyebeba ndoo. Masika yakiingia, toka nje mvua ikiwa bado inanyesha, ufuate maji: yanaanzia wapi, yanaziba wapi, yanaingia nyumba ya nani. Wete ni mji wa vilima na mabonde. Mara nyingi mtaro ulioziba juu ndio unaomfukuza mtu wa chini nyumbani kwake, na aliye juu hana habari. Andika tarehe, andika mahali, hesabu nyumba. Sensa ya 2022 ilitoa idadi ya watu mpaka ngazi ya shehia, kwa hiyo unaweza kujua watu wangapi wanategemea jaa moja au soko moja. Mgombea anayesema "nyumba kumi na saba ziliingiwa na maji Aprili, kwa sababu ya daraja dogo lililoziba hapa" hahitaji kupaza sauti.

Kisha waulize watu swali gumu, kundi kwa kundi: katika haya matatu, lipi lisubiri? Kutaja haja hakumchoshi mtu. Kuchagua ndiyo kazi, na ndiyo kazi utakayoifanya ukiwa diwani. Kina mama wa kikundi chako cha hisa wanalijua hili vizuri. Kila mwezi mnaamua nani apate mkopo kwanza na nani angoje, na anayengoja anakubali kwa sababu alikuwapo wakati wa kuamua.

Nije kwenye kanga na mchele. Kwanza, kumpa mtu kitu ili akupigie kura ni kosa la kisheria, na ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa, ipo kwa mambo hayo. Pili, fanya hesabu. Tuseme umegawa zawadi ya shilingi 10,000 kwa watu 1,500. Hizo ni milioni 15. Posho ya diwani haiwezi kulirudisha deni hilo bila kukubana shingo. Utalirudisha vipi? Wapiga kura wenyewe wanajua jibu. Waambie hesabu hiyo kwa sauti ya upole, mbele ya watu, bila kumtaja mgombea yeyote. Usimlaumu mama aliyepokea kanga, alikuwa na sababu zake, na kura ni siri yake.

Lakini sitaki uwe mkavu. Wewe ni jirani kabla ya kuwa mgombea. Msiba ukitokea utakwenda, mgonjwa utampelekea uji, harusi utachangia. Endelea kutoa kile ulichokuwa ukitoa miaka yote, kiasi kilekile. Mwaka wa uchaguzi usikizidishe, na usikipunguze. Na msibani usimfuate mtu pembeni kumweleza habari za wadi. Pemba tumeumizana vya kutosha kwa bendera za vyama, ziko familia zilizoacha kuzikana. Nyumba ya matanga iache iwe nyumba ya matanga, na msikiti uache uwe msikiti.

Chama. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, lakini njia bado ni ileile. Maana yake mlango wako wa kwanza ni kura za maoni ndani ya chama chako, na hapo ndipo wengi wenye nia kama yako hukwama, kwa sababu wajumbe ni wachache na kila mmoja anajulikana kwa jina. Usiwadharau wajumbe, na usiwanunue. Anza mapema kuhudhuria vikao vya tawi, beba kazi ngumu zisizotakiwa na mtu, hasa kazi ya hesabu. Tawi ambalo michango yake imeshikwa na wewe kwa miaka mitatu bila kupotea shilingi ni vigumu kulishawishi kwamba hufai.

Kuna watakaokuambia mwanamke atafute viti maalumu. Hakuna ubaya navyo, na wapo madiwani wa viti maalumu waliofanya kazi kubwa. Ila kwa unayotaka kuyafanya, nakushauri wadi. Diwani wa wadi ana watu wanaoweza kumuuliza kwa jina, mahali wanapomjua, na wewe umesema unataka watu waulize. Mikutano yako ifanye baada ya sala ya alasiri, si usiku. Kina mama watakuja, na wazee hawatapata la kusema. Mume wako akiwepo pembeni ni heri, lakini majibu ya bajeti yatoke kinywani mwako.

Ya kufanya sasa. Nenda ofisi ya Baraza la Mji, kwa adabu, uombe kuona taarifa ya bajeti ya wadi yako. Ukiambiwa njoo kesho, nenda kesho. Tafuta ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar, zinazokabidhiwa kwa Rais na kufika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Usome sehemu ya serikali za mitaa tu, uone wakaguzi wanaulizaje. Diwani aliyepo mtembelee, hata kama ni wa chama kingine. Muulize ni kipi kilimshinda. Nimeona watu wakipata elimu ya miaka mitano kwenye kikombe kimoja cha chai.

Na kuna daftari lako la hisa. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waombe wanakikundi ruhusa. Wakikubali, hesabu za jumla za mwaka, bila majina ya waliokopa, zibandike mahali mnapokutania: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wasipokubali, usibandike, kwa kuwa pesa ni zao. Wakikubali, acha karatasi ikae hapo hata kwa mtu mpita njia. Huhitaji kusema kwamba unagombea.

Mume wako mjibu hivi, kisha uyageuze yawe maneno yako: "Jamaa zangu, kila siku mnachuma na kila siku mnatoa. Mimi siahidi maji wala umeme, hivyo vina wenyewe, nitavifuatilia. Ninaloahidi ni hili. Kila robo mwaka nitakaa hapa, alasiri, na karatasi moja: baraza limepata nini, limetumia nini, katika wadi yetu kimefika nini. Kitu kikija nitauliza mbele yenu mwaka wa pili nani atakilipia. Na mwenye swali aulize, hata kama hakunipigia kura." Mpe alisikilize usiku mmoja watoto wakishalala. Akikukatiza katikati na kuuliza "hiyo karatasi utaipata kwa nani?", usikasirike. Nenda ukalitafute jibu, maana sokoni ndilo watakalokuuliza kwanza.